Ishara Iliyobaki Imewaka

Tatu Nampota alizisukuma karatasi zikarudi upande wa pili wa meza.

"Sisaini, afande. Leo siku ya tano, na jibu langu ni lile la siku ya kwanza."

Mkaguzi wa Polisi Helena Magoti aliziacha palepale zilipo. Jalada lilikuwa limemfikia jana yake tu, baada ya mwenzake aliyelianza kuitwa kozini Dar es Salaam. Alikuwa amelisoma mara mbili bila kupata mahali ambapo mtuhumiwa anazungumza kwa sauti yake mwenyewe. *Mimi, Tatu Nampota, kwa hiari yangu, nilibonyeza kitufe cha kufungulia mvuke nikijua kuwa marehemu Kassimu Ismaili yumo ndani ya tangi.* Ndivyo maelezo yalivyoanza, na hapakuwa na mengi zaidi ya hayo.

"Hukubonyeza?"

"Nilibonyeza kwa mzigo wa saba, saa tatu na dakika arobaini hivi. Nikabonyeza mara mbili, maana kitufe kile kizito, taa yake huchelewa kuwaka. Mzigo wa nane sikubonyeza kabisa. Nilikuwa nimesimama dirishani, namtazama Kassimu anaingia tangini kukwangua korosho zilizoganda."

"Ulikuwa peke yako chumba cha mitambo."

"Peke yangu."

"Na mvuke haufunguki bila kitufe."

"Ndivyo walivyotufundisha." Tatu aliinua mikono yake juu ya meza. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa bandeji mpaka kwenye vifundo, zimeshaanza kuchafuka kwa vumbi la mahabusu. "Mvuke ulipolia nilishuka ngazi mbio, nikalishika lile gurudumu la kufungia kwa mkono. Lilikuwa la moto kama kaango. Ngozi yangu imebaki pale. Mwenzako sikumwona akiliandika hilo."

"Wanasema Kassimu alikuwa mumeo."

"Alikuwa. Talaka yangu ina miaka mitatu. Aliniacha, nikalia, nikachoka kulia, nikaenda kuomba kazi kiwanda kilekile alichokuwa yeye, kwa sababu kiwanda kingine hakuna. Afande, kama kila mwanamke aliyeachwa hapa Chuno angeua, leo kungekuwa na mwanamume wa kusalimiana naye?"

Helena aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu. Alizikusanya zile karatasi, akazitia kwenye bahasha, akachukua karatasi mpya.

"Sema wewe. Mimi naandika. Neno lako kama linavyotoka."

Iliwachukua karibu saa nzima. Helena alipomaliza kumsomea, Tatu alimrudisha nyuma mara mbili kusahihisha, kisha akaomba kalamu, akaishika kwa ncha za vidole vilivyochomoza nje ya bandeji, akaandika jina lake lote.

*

"Nilikupa jalada ulimalizie, si ulianze upya," alisema Afande Mlowe, Mkuu wa Upelelezi.

"Mtu aliyetaka kuua hakimbilii chuma cha moto, afande."

"Alijuta."

"Baada ya sekunde ngapi? Kutoka chumba cha mitambo mpaka kwenye gurudumu kuna ngazi kumi na nne. Wabebaji waliokuwa chini palepale wamesema walimkuta ameshalishika."

Mlowe alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Alhamisi saa tatu asubuhi anapelekwa mahakamani. Leo Jumanne. Ukipata kitu, kipate kabla ya hapo. Na Helena, yule meneja wa Kusi Korosho anaheshimika mjini hapa. Usiende kumtikisa bila sababu."

"Nitaanza kwa kuitafuta sababu, afande." Alipiga saluti, akatoka kabla hajapewa jibu.

*

Kiwanda cha Kusi Korosho kilikuwa kimerudi kazini siku mbili tu baada ya msiba. Uani magunia yalikuwa yamepangwa kimo cha mtu, na kwenye banda refu wanawake zaidi ya mia walikuwa wamekaa wakibangua, vidole vimepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasiwababue. Hakuna aliyeinua macho Helena alipopita. Aliona kwamba walikuwa wameambiwa wasiinue.

Meneja, Danieli Kihwele, alimpeleka juu mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye funguo nyingi kiunoni na haraka ya kumaliza mambo. Chumba cha mitambo kilikuwa na dirisha linalotazama tangi la mvuke, meza moja, kompyuta, kitufe chekundu kilichoandikwa TAYARI, na printa iliyokuwa ikichapa mstari mmoja mmoja kwenye karatasi ndefu isiyokatika.

"Utaratibu ni rahisi," alisema Kihwele. "Korosho mbichi zinamwagwa tangini, kifuniko kinafungwa, mwendeshaji anabonyeza TAYARI, mvuke unafunguka dakika kumi na mbili. Unajifunga. Halafu programu inahesabu dakika kumi za kupoa, kutoa mzigo na kupakia mwingine. Baada ya hapo inasubiri kitufe tena. Siku ile mvuke ulifunguka. Maana yake kitufe kilibonyezwa. Kompyuta haina sababu ya kumsingizia mtu."

"Kompyuta inaandika kila inachofanya?"

"Kila kitu. Hiyo karatasi mwenzako aliiona."

Helena aliivuta karatasi ya siku ya kifo, akaitandaza mezani.

09:41:06 TAYARI
09:41:06 MVUKE WAFUNGULIWA
09:41:09 TAYARI
09:53:06 MVUKE WAFUNGWA
10:03:06 MVUKE WAFUNGULIWA

Aliisoma kwa kidole, polepole, kama anavyosoma orodha ya vitu vilivyoibwa. Kisha akaenda juu kwenye mzigo wa sita, na wa tano, na wa nne.

"Bwana Kihwele, kila penye mvuke kufunguliwa, juu yake pana neno TAYARI. Isipokuwa hapa pa mwisho."

"Printa ya zamani hiyo. Huruka mistari."

"Na hapa mzigo wa saba kuna TAYARI mbili. Iliruka huku ikaongeza kule?"

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetazama saa. "Afande, mimi ni mtu wa korosho. Hayo ya mistari sijui."

Helena alikuwa ameshatoa daftari. Alianza kupiga hesabu za muda, mzigo kwa mzigo. Kutoka mvuke kufungwa mpaka kufunguliwa tena: mzigo wa tatu, dakika kumi na mbili na sekunde arobaini. Wa nne, dakika kumi na tatu na sekunde tano. Wa sita, dakika kumi na moja na sekunde hamsini na nane. Zilikuwa namba za mtu anayeshuka ngazi, anaangalia kifuniko, anapanda, anabonyeza. Leo anawahi, kesho anachelewa. Mzigo uliomuua Kassimu ulikuwa na dakika kumi kamili. Haukuwa na sekunde moja ya ziada.

Alirudia hesabu, akapata jibu lilelile. Hakuna kidole cha binadamu kinachobonyeza hivyo.

"Nataka karatasi zote tangu msimu uanze."

"Hizo ni mali ya kampuni. Mpaka wenyewe Dar es Salaam waruhusu, na siku hizi wana—"

"Naandika hati ya kukamata vielelezo sasa hivi." Helena alifunua ukurasa mpya. "Jina lako kamili, tafadhali. Majina yote matatu."

Kihwele alimtazama, akamwona hatanii. Maboksi manne yalishushwa kwenye gari la polisi na wabebaji wawili, na safari hii baadhi ya wanawake wa banda refu waliinua macho.

*

Aliyasoma maboksi mpaka usiku, rula mkononi. Kabla ya tarehe kumi na nne Oktoba hapakuwa na dakika kumi kamili hata mara moja. Kuanzia tarehe kumi na tano zilijaa, siku nyingine mara kumi, siku nyingine kumi na tano. Zote zilikuwa kwenye zamu ya mchana, ya mwendeshaji aitwaye Glory. Zamu ya asubuhi, ya Tatu, haikuwa nazo hata moja, mpaka ile ya Ijumaa aliyokufa Kassimu.

Asubuhi ya Jumatano alimkuta Glory nyumbani kwake, anaanua nguo. Alikuwa msichana wa Kichaga, mtoto wa mfanyakazi wa bandarini, na alijua amefuatwa kwa ajili ya nini kabla Helena hajafungua mdomo.

"Mimi nina mtoto mdogo, dada. Nikifukuzwa kazi sina pengine pa kwenda."

"Na Tatu atafungwa. Niambie kilichobadilika Oktoba."

Glory alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Tuliambiwa siku hizi tunaweza kubonyeza mapema. Mzigo ukiwa bado unapoa, unabonyeza, mashine inakumbuka. Dakika kumi zikiisha inafungua mvuke yenyewe. Hakuna haja ya kushuka kuangalia kifuniko, wa chini watakuwa wameshafunga. Tatu alikataa. Akamwambia meneja mbele ya watu, sibonyezi kitu nisichokiona. Meneja akamwambia zamu yako ndiyo inayotuangusha."

"Mashine iliwahi kufungua mvuke bila ninyi kutaka?"

"Mara mbili kwangu. Kifuniko kikiwa wazi, mvuke ukatapakaa uani. Tukasema mashine ina jini. Nikaenda kwa meneja, akaniambia nisiwatie watu woga."

"Nani aliibadilisha?"

"Walikuja wawili. Meneja na yule mwalimu aliyeiandika hiyo programu. Mwalimu Yohana."

Helena aliandika, kisha akampa kalamu. Glory aliishikilia muda mrefu. Halafu akasema, kana kwamba anagombana na mtu asiyekuwepo, "Basi na anifukuze!" akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

*

Yohana Mkude alifundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi na aliishi Rahaleo, nyumba ya mwisho kabla ya uwanja. Alimkaribisha Helena sebuleni, akamletea maji, akasema kabla hajaulizwa kwamba kiwandani hajakanyaga tangu Julai.

Helena aliyaacha maneno hayo yapite. "Nifundishe programu yako, mwalimu. Nifundishe kama mwanafunzi wa siku ya kwanza."

Hapo Yohana alitulia. Hii ilikuwa kazi anayoiweza.

"Nimeiandika kwa lugha ya C. Ndani yake kuna kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Tunaziita nyuzi. Uzi wa kwanza hauna kazi nyingine ila kuangalia kitufe. Uzi wa pili unashughulika na valvu ya mvuke. Hazionani na hazisemezani. Sasa zitapatana vipi? Tunaweka ishara katikati yao. Kitufe kikibonyezwa, uzi wa kwanza unaiwasha. Uzi wa valvu, ukifika mahali pa kusubiri, unalala. Ishara ikiwaka unaamka, unaizima, unafungua mvuke."

"Na kitufe kikibonyezwa wakati uzi wa valvu haujalala? Uko katikati ya kazi, mvuke unatoka?"

Yohana alimtazama kwa makini kidogo. "Uzi wa kwanza hauwezi kujua hilo. Unaiwasha ishara tu."

"Halafu?"

"Inabaki imewaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uzi wa valvu uje kuikuta. Hata ukija baada ya dakika ishirini. Ukifika pa kusubiri ukaikuta inawaka, haulali. Unapita moja kwa moja."

Helena alimwekea nakala ya ile karatasi mbele yake. TAYARI ya kwanza, sekunde ya sita. TAYARI ya pili, sekunde ya tisa, uzi wa valvu ukiwa tayari kazini. Dakika kumi na mbili za mvuke. Dakika kumi za kupoa. Na hapo, kwenye sekunde ileile, mvuke.

"Alibonyeza mara mbili kwa mzigo mmoja," alisema Helena. "Mara ya pili ikabaki inamsubiri Kassimu."

Yohana aliinuka, akaleta disketi na karatasi zilizochapwa, akamwonyesha mstari mmoja aliokuwa ameupigia alama. *zima_ishara(tayari);*

"Mimi si mjinga, afande. Hili nililijua tangu mwanzo. Kila uzi wa valvu unapofika pa kusubiri, kwanza unaizima ishara. Ya zamani yote inafutika. Lazima mtu abonyeze upya."

"Kwa hiyo kwa programu hii Kassimu asingekufa."

"Asingekufa."

"Lakini amekufa, mwalimu. Na Glory anasema Oktoba ulikuwa kiwandani."

Nje kulikuwa na watoto wanacheza rede, wanahesabiana kwa sauti. Yohana alizikusanya karatasi zake, akazipanga, akazipanga tena. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu.

"Sitakusimulia. Ukasome mwenyewe kwenye mashine yao, ndipo utaamini. Nikikusimulia hapa utasema najitetea."

*

Saa nane mchana walikuwa watano katika chumba cha mitambo: Helena, Yohana, Glory, meneja Kihwele, na Afande Mlowe, ambaye alikuwa amekuja kwa gari lake, uso umekunjamana. Mashine ilikuwa imesimamishwa. Yohana alikaa mbele ya kompyuta, akafungua faili la programu iliyokuwa inaendesha tangi, akashuka mpaka mahali alipopajua. Kisha akasogeza kiti.

Helena alisoma kwa sauti, ili wote wasikie.

/* zima_ishara(tayari); */
/* Imeondolewa 14/10/2004 kwa agizo la meneja D. Kihwele. Nimemwambia ni hatari, hakukubali. Y.M. */
subiri_ishara(tayari);
fungua_mvuke();

"Hizo alama za mkwaju na nyota ni nini?" aliuliza Mlowe.

"Kilichomo kati yake mashine haikisomi," alisema Yohana. "Ni maneno ya watu kwa watu. Mstari wa kuzima niliufungia humo. Nilifanya kwa mikono yangu hii. Aliniambia nisipofanya ataleta mwingine. Nikasema moyoni, walau niandike."

"Mtu anaweza kuandika jina la mtu yeyote," alisema Kihwele. Sauti yake haikutetereka. "Leo hii naweza kuandika humo jina lako, Afande Mlowe. Huo ni ushahidi?"

"Peke yake, hapana," alisema Helena. Alifungua jalada. "Hii niliikuta ndani ya maboksi yenu. Ni ripoti yako kwa wenye kampuni, tarehe thelathini Oktoba. Unajisifu kwamba tangu tarehe kumi na tano umepandisha mizigo kutoka thelathini na miwili kwa siku hadi thelathini na saba, bila kuongeza mashine wala mtu. Ulipandishaje?"

"Kwa nidhamu ya kazi."

"Glory, nani aliwaambia mbonyeze mapema?"

"Yeye." Glory alinyoosha kidole, hakuushusha mkono. "Na nilipomwambia mvuke unafunguka wenyewe alinijibu nisiwatie watu woga. Kassimu alikuwepo mlangoni, alisikia."

"Helena," alisema Mlowe kwa sauti ya chini, "hili tungelizungumza ofisini."

"Tumelizungumza ofisini siku sita, afande, na mwanamke yuko ndani. Naomba dakika ishirini na tatu."

Walishuka wote kulikagua tangi. Lilikuwa tupu, kifuniko kimefungwa, mnyororo umezungushwa kwa usalama. Walirudi juu. Helena akamwomba Mlowe abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Alibonyeza, mvuke ukaanza kunguruma. Baada ya sekunde tatu akabonyeza tena, kama alivyoelekezwa. Kisha Helena akawatoa wote chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo, akamkabidhi Mlowe ufunguo, wakaenda kusimama uani jua kali.

Mvuke ulilia dakika kumi na mbili, ukanyamaza. Wabebaji walikuwa wameacha magunia. Wanawake wa banda refu walikuwa wametoka mmoja mmoja, majivu mikononi, wakasimama ukutani bila kuitwa. Msimamizi wao aliwaambia warudi ndani. Hakuna aliyerudi.

Dakika ya nane ya kupoa Kihwele alisema ana simu ya kupiga. "Baadaye," alisema Mlowe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kubadilika.

Dakika ya tisa. Mlowe alikuwa ameushika ufunguo kwenye kiganja, anautazama kama unaweza kuponyoka.

Dakika kumi kamili tangi lilinguruma.

Mama mmoja ukutani alipiga yowe. Mvuke uliokuwa ukivuja pembezoni mwa kifuniko ulipanda juu mweupe, na kule juu, nyuma ya kioo cha dirisha, kitufe chekundu kilikuwa peke yake ndani ya chumba kilichofungwa.

Hapakuwa na haja ya kusema kitu, lakini Helena alitaka kazi iishe sawasawa. Yohana aliurudisha ule mstari, akaitengeneza programu upya, wakabonyeza mara mbili kama mwanzo, wakafunga mlango, wakasubiri uani. Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Ishirini. Tangi lilikaa kimya.

"Watu thelathini na saba," alisema Kihwele ghafla. Alikuwa amekosea, alitaka kusema mizigo.

Mlowe alinyoosha mkono. "Funguo zako, Bwana Kihwele. Zote. Tunakwenda kituoni."

"Unajua utakuja kujibu kwa nani?"

"Nitakapoulizwa nitajibu."

Kompyuta ilifungwa kwa karatasi na lakiri, ikashushwa ngazi kumi na nne na askari wawili. Yohana alikuwa wa mwisho kushuka. Alisimama mbele ya Helena, mikono mbele kama anayesubiri pingu.

"Niandike na mimi. Kuandika kwamba ni hatari hakukumzuia mtu kuingia tangini. Ningeweza kukataa."

"Nimeshakuandika, mwalimu," alisema Helena. "Panda gari."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi, badala ya kwenda mahakamani, Tatu alitolewa mahabusu. Hakumshukuru mtu. Alisimama kaunta akihesabu vitu vyake, kanga, kandambili, kitambulisho cha kazi, kisha akamgeukia Helena.

"Nyumba ya kina Kassimu iko Mikindani. Alizikwa mimi niko ndani. Leo wanasoma hitima. Mtaa mzima unajua nimemuua."

"Nitapeleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Taarifa siitaki. Nataka uje. Na uje na hizo nguo zako za polisi."

Helena alikuwa na jalada la kufunga na ripoti mbili za kuandika. Alichukua kofia yake.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya zamani, chokaa imebanduka upande wa barabarani. Wanaume walikuwa barazani. Mdogo wake marehemu, Mohamedi, alipomwona Tatu aliinuka, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Hapa huingii."

"Assalamu alaikum, Mohamedi," alisema Tatu. "Nimekuja kuhani. Anayetaka kunitoa anitoe, mbele ya afande na mbele ya hawa wazee. Mimi kwa miguu yangu sirudi."

Sauti za kusoma zilikatika ndani. Baada ya muda kidogo mwanamke mzee alitokea nyuma ya Mohamedi, mama wa marehemu, Bi Somoe, kanga ameishika chini ya kidevu. Alimtazama Tatu, kisha akamtazama Helena kutoka kofia mpaka viatu.

"Wewe ndiye serikali?"

"Ni askari, mama. Ndimi niliyechunguza."

"Basi sema. Sema kwa nguvu, hawa wa barazani wengine masikio yao mazito."

Helena alivua kofia, akapaza sauti. Alisema kwamba Tatu hakubonyeza kitufe. Alisema mashine iliwekewa mstari wa kuilinda, na mstari huo uliondolewa ili kazi iende haraka, na aliyeagiza uondolewe amekamatwa, na aliyeuondoa amekamatwa, na wote wawili watafika mahakamani. Alisema kwamba aliyekimbia kumfungia Kassimu mvuke alikuwa Tatu. Alisema yote bila kupamba.

Mzee mmoja barazani alianza kulia kimyakimya.

"Mohamedi," alisema Bi Somoe. "Toka mlangoni."

Mohamedi alisogea. Tatu alivua kandambili, akaingia, akataka kukaa palepale karibu na kizingiti, kwenye ncha ya mkeka. Bi Somoe alimshika begani, akampeleka mpaka katikati ya chumba. Kwenye meza ndogo palikuwa na juzuu zilizobaki. Alichukua moja, akamfungulia, kwa sababu Tatu vidole vyake havikuwa na nguvu ya kufungua.

"Hii haina msomaji," alisema. "Soma wewe."

Helena alibaki barazani, kofia mapajani. Ndani wanawake walianza tena, kila mmoja na ukurasa wake, na baada ya muda aliweza kuitambua sauti ya Tatu kati ya sauti zote, ikiwa juu kuliko nyingine, inasoma bila kusitasita.